Bantamu ni kuku gani?

Jirani yangu hapa Bukavu alisimama mlangoni pa parseli, akawatazama kuku wangu watatu, kisha akauliza kwa upole: "Papa, hutu tukuku tutakomaa lini?" Nikamwambia wamekwisha kukomaa zamani, na yule jogoo ana miaka 2. Akacheka, akadhani namficha jambo.

Kosa si lake. Kiswahili chetu cha Kivu kina ka- na tu- za udogo, na kakuku ni kuku yeyote mdogo: aliyeanguliwa juzi, au aliyedumaa kwa njaa na minyoo. Bantamu si huyu wala yule. Ni kuku mzima, anataga, anawika, na udogo wake ni wa damu. Umpe mahindi mchana kutwa, atanenepa lakini hatakuwa mkubwa. Mitetea wengi wa bantamu wana gramu 500 hadi 900, wakati mtetea wa kienyeji kwa kawaida anapita kilo moja. Waliosoma Kifaransa husema "poule naine", na hapo Kifaransa kinaeleza vizuri kuliko jina lenyewe.

Jina lilitoka Banten, bandari ya zamani magharibi mwa kisiwa cha Java, Indonesia. Mabaharia wa Ulaya walichukua huko kuku wadogo wa kula safarini, na baadaye jina la bandari likawa la kuku wote wadogo, hata wasiojua Java iko wapi. Halina udugu na neno Bantu (nimeulizwa zaidi ya mara moja). Wapenzi wa ndondi wanalijua kwa njia nyingine: katika ndondi za kulipwa, uzito wa bantamu mwisho wake ni kilo 53.5.

Kwa hiyo bantamu ni kimo, si aina moja. Wako waliopunguzwa kutoka kuku wakubwa kwa kuchagua wadogo kizazi baada ya kizazi, kama Brahma mdogo, ambaye ana ndugu yake mkubwa. Na wako wasio na ndugu mkubwa popote. Hao ndio huitwa bantamu halisi. Sebright ni mmojawapo. Sir John Sebright wa Uingereza alimtengeneza mwanzoni mwa karne ya 19, na kila unyoya wake una ukingo mweusi kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Jogoo wake hana mkia mrefu wa upinde. Manyoya yake ni ya mtetea. Barbu d'Uccle wa Ubelgiji ana ndevu na "soksi" za manyoya hadi vidoleni. Chabo wa Japani ana miguu mifupi mno, na ufupi huo una gharama: ukipandisha wawili wenye miguu mifupi, kwa wastani robo ya mayai yenye mbegu hufia ndani ya ganda, kwa sababu kiinitete kilichorithi ufupi kutoka pande zote mbili hakiishi.

Sisi kuku tunamjua kwa mgeni, kwa sikukuu, kwa haja ya pesa. Kuku wa kutazamwa tu huonekana kama upuuzi, na sitabishana sana. Lakini parseli zetu za mteremkoni ni finyu, na bantamu anakula karibu nusu ya chakula cha kuku mkubwa. Mayai yake ni madogo. Kwa omleti moja vunja 3.

Ukichagua, fikiria udongo kwanza. Hapa mvua inanyesha karibu miezi 9, na udongo mwekundu hung'ang'ania miguu yenye manyoya kama saruji. Mwenye soksi anataka banda lililoinuliwa, lenye maranda makavu, la sivyo utitiri unaingia chini ya magamba ya miguu. Chabo naye huburuta tumbo matopeni. Wenye miguu mitupu wanafaa zaidi, ila wanaruka hadi kwenye mabati ya jirani, na huko paka na mwewe wanangoja. Usiwachanganye na jogoo mkubwa wa kienyeji, atamuumiza mtetea mdogo mgongoni. Chanjo ya kideri ni lazima kwao kama kwa wengine, udogo hauwakingi.

Jambo moja ambalo hata mama yangu, asiyependa mapambo, analikubali ni kuatamia. Mitetea wa baadhi ya aina hizi hawabanduki kwenye mayai, yawe yao au ya mwingine. Yule jirani ameleta manne ya kuku wake mkubwa. Mtetea wangu ameyafunika yote, mabawa yamefunguka pembeni kama mwavuli uliovunjika. Vifaranga vikianguliwa, baada ya muda vitakuwa vikubwa kumpita, na bado atajaribu kuvilalia.