Je, wajua kwa nini nondo huonekana bustanini wakati si msimu wake?

Usiku ni wa baridi, taa ya nje inawaka, na ukutani ametua nondo ambaye kwa kawaida huonekana miezi ya joto tu. Katoka wapi? Kabla hujabahatisha, msogelee umtazame mbawa. Mbawa za nondo zimefunikwa na magamba madogo mno, yale yanayobaki kidoleni kama unga ukimshika, na yakishapukutika hayaoti tena.

Akiwa na magamba kamili na rangi iliyokolea, huenda katoka juzijuzi kwenye pupa, yaani hatua ya kutulia anapogeuka kutoka kiwavi kuwa nondo. Nondo wengi huvuka majira mabaya wakiwa pupa, mara nyingi ardhini. Katika nchi zenye majira ya baridi, urefu wa mchana ndio hasa humwamulia kiwavi: mchana ukifupika, pupa yake husitisha ukuaji hadi hali itengemae. Joto nalo huvuruga ratiba hiyo. Likirefuka kupita kawaida, kizazi cha ziada hujitokeza. Pupa iliyofichika kwenye udongo wa chungu cha maua kilichoingizwa ndani nayo huweza kupasuka mapema, ikidhani majira yamebadilika.

Akiwa na kingo zilizochanika na rangi iliyopauka, basi ameishi siku nyingi au katoka mbali. Nondo aitwaye Autographa gamma, mwenye alama inayong'aa kama herufi Y kwenye kila bawa la mbele, husafiri kila mwaka kutoka maeneo ya Mediterania hadi Uingereza. Hapepesuki ovyo: hupanda mamia ya mita angani na kuchagua upepo unaoelekea anakokwenda. Acherontia atropos, mwenye alama ya fuvu mgongoni, hufika Ulaya akitoka hata Afrika. Huyu ni kituko kweli. Akishikwa hutoa mlio, na huingia kwenye mizinga ya nyuki kuiba asali.

Na wapo ambao baridi ndiyo msimu wao. Dume la Operophtera brumata huruka Ulaya kati ya Novemba na Januari. Jike lake lina vijibawa visivyoweza kuruka, hivyo hupanda shina la mti kwa miguu likisubiri dume. Ukimulika tochi kwenye mti wa matunda usiku wa Desemba ukaona kidudu kinene cha kijivu kinapanda, hesabu miguu kwanza: ikiwa sita, huyo si buibui.