Rivolva Haitakulengea Shabaha

Nikiambiwa mara moja tena kwamba rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, ina shabaha kuliko bastola ya magazini, ile inayohifadhi risasi mpinini, "kwa sababu mtutu wake umekazwa", nitaacha ukocha nikafuge kuku. Nimeambiwa hivyo na wanafunzi, nimeambiwa na wauza silaha ambao walipaswa kujua, na wiki hii nimeambiwa na mzee mmoja mwenye Ceska, bastola ya magazini ya Kicheki, nzuri kabisa, anayetaka kuiuza anunue rivolva. Risasi zake zinaangukia chini kushoto. Shemeji yake amempa jibu: ni mtutu.

Basi tuumalize huo mtutu. Ni kweli kwamba kwenye bastola nyingi za siku hizi, Ceska na Glock zikiwemo, mtutu huinama kidogo upande wa nyuma ili slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, iachane nao na kutupa ganda. Lakini huinama wakati risasi imeshatoka. Mwanzoni mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimeng'ang'aniana, milimita chache tu, na ndani ya milimita hizo risasi imeshakwenda zake. Cha maana ni mtutu kurudi pale pale kila mara, na kwenye bastola isiyochakaa hurudi. Tena si kila bastola ya magazini ina mtutu unaoinama. Makarov ya Warusi mtutu wake umekazwa kwenye fremu, hausogei kabisa. Mbona sijaona mtu akiililia Makarov siku ya mashindano?

Na hiyo rivolva yenyewe, mtutu umekazwa sawa, ila kila risasi inatoka kwenye chemba yake, yaani tundu lake ndani ya silinda. Chemba sita, na kila moja lazima isimame sawasawa na mtutu wakati nyundo inaposhuka kuigonga risasi. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba ambao risasi inauruka. Silinda ikisimama pembeni kidogo, risasi inaingia mtutuni ikiwa imekwanguliwa ubavu. Ukitaka kuliona hilo kwa macho yako, chukua kalamu ya wino mzito, ziandike chemba namba 1 hadi 6, tundika karatasi sita, na kila chemba uipigie karatasi yake, bastola ikiwa imeegemea mfuko wa mchanga. Kwenye rivolva iliyotumika sana, mara nyingi utakuta chemba moja ina tabia zake, inapeleka risasi mahali ambapo nyingine tano haziendi. Mwenye rivolva hiyo amekuwa akijilaumu miaka yote kwa "risasi moja inayonitoroka".

Ukizifunga zote mbili kwenye Ransom Rest, kile chuma kinachoshika bastola badala ya mkono, rivolva nzuri na bastola nzuri ya magazini zitakupa makundi ya matundu yaliyobanana ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyapiga kwa mikono yetu. Tofauti ipo. Lakini imejificha ndani ya mtetemeko wa mkono wako, na huo mtetemeko ni mkubwa kuliko tofauti yenyewe.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa. Mtu anakuja na ushahidi: "Kochi, nilipiga rivolva ya rafiki yangu, zote zikaingia katikati." Namuuliza ulipiga vipi. Alivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, akatulia, akagusa triga. Hiyo ni singo. Triga ya singo kwenye rivolva nzuri haifiki kilo 2, na haina safari: unaifikiria, inaachia. Kisha analinganisha na nini? Na bastola yake ya kazini aliyoipiga haraka haraka, triga yake ina mwendo mrefu na uzito zaidi. Hapo hajalinganisha rivolva na bastola ya magazini. Amelinganisha triga mbili na haraka mbili, halafu sifa akaupa mtutu.

Mwambie airudie kwa dabo, nyundo asiiguse, triga yenyewe ifanye kazi ya kuizungusha silinda, kuivuta nyundo na kuiachia. Hapo triga ni kilo 4 au 5, wakati mwingine zaidi. Ceska yenyewe nzima, bila risasi, haifiki uzito wa kilo moja na nusu. Fikiria kuinua dumu la lita tano kwa kidole kimoja huku vidole vingine vimeshika kikombe cha chai, na chai isimwagike. Ghafla ile rivolva yenye mtutu uliokazwa inatawanya risasi karatasi nzima, na rafiki yako anaanza kusema labda risasi za boksi hili ni mbovu.

Raha ya mzee wangu ni kwamba jibu lake liko ndani ya bastola yake mwenyewe. Ceska, ile CZ 75 ya kawaida, unaweza kuibeba nyundo ikiwa chini, na hapo risasi ya kwanza ni dabo. Slaidi ikirudi inaacha nyundo imevutwa, na zinazofuata zote ni singo. Nikamwambia, mzee, piga risasi za kwanza tu kwenye karatasi hii, na zinazofuata kwenye ile. Kila mara nilikuwa nikimshushia nyundo mwenyewe, polepole, mtutu ukielekea kwenye tuta. Karatasi ya kwanza: matundu yametambaa chini kushoto kama ilivyo kawaida ya mpigaji wa mkono wa kulia anayebana kiganja kizima badala ya kusogeza kidole kimoja. Karatasi ya pili: kundi la heshima, katikati. Mtutu ni ule ule, vilengeo ni vile vile, mkono ni ule ule.

Polisi wa New York walilipitia hili kwa njia ya ajabu kidogo. Walianza kuacha rivolva za .38 na kuchukua bastola za milimita 9 mwaka 1993, lakini wakubwa wao waliogopa triga nyepesi mikononi mwa askari waliozoea rivolva. Wakaishia na Glock zenye triga ya pauni 12, yaani karibu kilo 5.4. Bastola mpya, triga ya zamani. Ripoti ya mwaka 2008 ya RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ilionyesha kwamba kati ya 1998 na 2006, askari waliokuwa wakirushiana risasi na mtu walimpata kwa wastani wa asilimia 18 tu ya risasi zao. Mtu huyo asipojibu, asilimia 30. Watafiti hao hao wakashauri habari ya triga nyepesi iangaliwe upya. Sisemi 18 ile ililetwa na triga. Ukipigwa risasi na wewe ukajibu, triga ni mojawapo tu ya matatizo yako. Lakini wanaodhani kubadilisha aina ya bastola kunabadilisha shabaha waitafakari hiyo namba.

Vilengeo nitavipitia haraka. Umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma kwenye Glock 17 ni milimita 165. Kilengeo cha mbele kikienda kando milimita 1 tu, kwa mita 7 umekosea sentimita 4, kwa mita 25 umekosea sentimita 15. Rivolva ya mtutu wa inchi 6 ina umbali mrefu zaidi, kosa linapungua. Hapo rivolva imeshinda kihalali, na imeshinda kwa urefu.

Kwa hiyo niambieni niwaeleweje wale wanaomnunulia dada au mke rivolva fupi ya inchi 2 "kwa sababu ni rahisi kwa wanawake". Rahisi kubeba, ndiyo. Vilengeo vyake vimekaribiana mno, triga ni dabo nzito, nayo yenyewe mara nyingi haifiki nusu kilo, kwa hiyo inaruka mkononi kila inapolia. Ni bastola ya mtu aliyebobea, tunampa anayeanza. Halafu akikosa tunasema wanawake hawana shabaha. Mpe bastola ya ukubwa wa kawaida inayomkaa kiganjani, kidole kifike kwenye triga bila kulipindua fundo la mkono, uone.

Wala dabo si laana. Mwaka 1999 Jerry Miculek, Mmarekani bingwa wa rivolva, alipiga risasi 12 kwa rivolva kwa sekunde 2.99, na ndani ya sekunde hizo akazijaza upya zile sita. Yote kwa dabo. Triga nzito huzoeleka, ila haizoeleki kwa kununua.

Mimi huwafunza wanaoanza kwa rivolva ya dabo, na hapa makocha wenzangu hatuelewani. Nachanganya risasi bandia na za kweli kwenye silinda, naizungusha, mwanafunzi hajui ipi inakuja. Nyundo ikishuka juu ya bandia kukawa kimya, mtutu unaonekana ukichovya chini wenyewe, na hapo simwambii neno, ameshaona. Wengi wakirudi kwenye bastola zao za magazini hupiga vizuri zaidi. Vitabu vya zamani husema dabo ndiyo inayojenga kidole. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba wamepiga vizuri kwa sababu kwa saa nzima walilazimika kupiga polepole, risasi moja moja, jambo ambalo magazini ya risasi 16 haimlazimishi mtu yeyote. Nimejaribu kuwapa wengine bastola ya magazini yenye risasi moja tu kila mara, bila rivolva kabisa, nao wakaendelea vizuri. Sasa ni kidole kilichojengeka, au ni subira? Nimewauliza makocha wawili ninaowaheshimu, kila mmoja akanijibu kwa uhakika mkubwa, na majibu yao hayafanani.