Kusadikika kwanza, halafu Rosa Mistika

Nafundisha Kiswahili sekondari mwaka wa 14 sasa, fasihi hasa, na wazazi wananiuliza sana, mwalimu nimnunulie mwanangu kitabu gani ili Kiswahili chake kinyooke. Mi nataja viwili, Kusadikika cha Shaaban Robert na Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, na nasisitiza visomwe kwa kufuatana. Kunyooka kwa Kiswahili kutakuja kwenyewe. Ninachokitafuta ni kijana aanze kujiuliza kitu ambacho hajawahi kujiuliza: huyu anayenisimulia ni nani, na kwa nini kaamua kuongea hivi?

Kusadikika kilitoka 1951, Tanganyika iko chini ya Mwingereza na Shaaban mwenyewe ni karani wa serikali hiyohiyo. Sasa mtu wa hivyo atawasemaje watawala wasiosikiliza watu? Akabuni nchi inayoelea angani, akamsimamisha Karama mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe elimu ya sheria, anayemshtaki ni Waziri Majivuno, na Karama anajitetea siku sita kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakahangaika, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakaishia gerezani. Yaani utetezi wake ni hadithi. Hapo huwa nasimamisha darasa, nawaambia hebu tafuteni Mzungu humu ndani, tafuteni neno ukoloni. Hawalioni. Mbona mmeelewa basi? Kimya kidogo, halafu mikono inaanza kunyooka.

Na ile lugha yake! Sentensi zimepimwa pande zote mbili kama shogi la punda, huku uzito na huku uzito. Nina zoezi nalipenda sana, nawaambia chukua aya moja ya Shaaban uiandike kama unavyomtumia rafiki yako meseji, wanacheka, wanaandika, tunasoma zote mbili kwa sauti. Mwaka jana kijana mmoja akasema mwalimu hii yetu inafika haraka ila haina mwendo. Hilo neno mwendo mimi sikumfundisha, kalitoa mwenyewe, na tumeshalitumia darasani mpaka leo.

Wakishazoea huo mwendo ndo nawapa Rosa Mistika, cha 1971. Ni kama umetoka kwenye baraza la wazee ukaingia ghafla nyumba ambayo watu wanapigana. Sentensi fupi, kavu. Zakaria anajua bintiye kapokea barua ya mvulana anaitwa Charles, anampiga Rosa vibaya sana, na msimulizi hakuletei methali ya kukupoza, anakuacha uangalie. Kitabu kiliwahi kuzuiwa mashuleni, baadaye kikaruhusiwa, na ukikisoma unaona watu wazima waliogopa nini: msichana anaharibikiwa, na badala ya kumtupia yeye mawe kitabu kinakurudisha nyumbani kwa baba yake ukaulize maswali huko. Mwisho wake ni mzito, Rosa anajiua, kwa hiyo mi simwachii kijana akisome peke yake, tunakisoma pamoja na tunaongea, na wewe mzazi naomba ufanye hivyohivyo.

Kuna jambo lingine. Kezilahabi alikuwa mtu wa Namagondo, kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Victoria, lugha ya kwao ni Kikerewe, na hadithi kaiweka hukohuko kisiwani. Nilikuwa na binti mmoja kwao kanda ya Ziwa, haongei darasani kabisa, kwa sababu akichanganya l na r wenzake wanamcheka. Siku nilipoeleza mwandishi katokea wapi alinifuata nje akaniuliza, kwa hiyo Kiswahili alijifunza kama mimi? Nikamwambia ndiyo. Muhula uliofuata akaniletea hadithi ya mama yake anayeanika dagaa, kurasa 9, mazungumzo yote yameandikwa vile watu wa kwao wanavyoongea kweli, na nilipoanza kusahihisha nikaona hapana, hapa kalamu nyekundu niiweke chini.

Ushairi nao ni hivyohivyo. Wanafunzi wanasema vina na mizani ni vigumu wakati mapumziko wanachana mistari ya bongofleva yenye vina mwanzo mwisho! Nikishawaonyesha kwamba wanavyo tayari, nawapa Kichomi, mashairi ya Kezilahabi ya 1974, hayafuati vina wala mizani, na yaliwagawa washairi wetu kwelikweli, wengine wakikataa kabisa kuyaita mashairi. Nawaachia wabishane wenyewe. Wakibishana vizuri wanagundua kina ni kitu mtunzi anachokichagua, na akikiacha kuna kitu anatafuta mahali pake.

Kinachoniuma ni vile vijitabu vya uchambuzi, kijana anakariri dhamira tano na wahusika sita anaingia kwenye mtihani bila kufungua kitabu chenyewe, anapata maksi, na ile sauti ya Karama hajaisikia hata siku moja. Kama nyumbani mna nakala moja tu, someni kwa sauti usiku kwa kupokezana, utetezi wa siku moja kila jioni, siku sita mmemaliza. Nagona na Mzingile viacheni kwanza, ni vya Kezilahabi huyohuyo ila ni msitu mwingine kabisa, akishampenda mwandishi atavitafuta mwenyewe.