Mocedades: shujaa kijana katika tendi za Kihispania za zama za kati

Mocedades ni masimulizi ya ujana wa shujaa: mapigano yake ya kwanza, ndoa yake, namna alivyojipatia jina. Mfano mkuu ni Mocedades de Rodrigo, utendi wa miaka ya 1360 hivi kuhusu Rodrigo Díaz, shujaa wa Kastilia wa karne ya 11, maarufu kama El Cid. Umebaki katika muswada mmoja tu, uliopo Paris, wenye mishororo isiyofika 1,200, na mwisho wake umekatika.

Wengi huusoma kama wasifu, wakapotea. Cantar de mio Cid, utendi mwingine ambamo Rodrigo ni mtu mzima mwenye mabinti wa kuozesha, ulitungwa karibu mwaka 1200. Mtu mzima aliimbwa kwanza. Kijana akabuniwa baadaye, kwa hadhira iliyokwisha kumjua na iliyotaka makubwa zaidi.

Ndiyo maana tabia zao hazilingani. Yule wa kwanza ni mvumilivu: Mfalme Alfonso anamfukuza nchini, naye anamtumia zawadi za farasi, 30, kisha 100, kisha 200. Huyu wa pili hajatimiza hata miaka 13 anapomuua Gómez, kabaila wa Gormaz, katika ugomvi wa koo mbili. Jimena, binti wa marehemu, anamwomba Mfalme Fernando amwoze kwa muuaji huyohuyo ili vita visizuke. Rodrigo anafika mbele ya mfalme na upanga mrefu unaomtisha mfalme huyo. Kuubusu mkono wa mfalme ni kukubali kuwa mtu wake. Rodrigo anakataa, tena anaona aibu kwamba baba yake ameubusu. Anaapa: hatambusu mfalme mkono wala hatakaa na Jimena mpaka ashinde mapambano matano.

Kiapo hicho ndicho kinachoushikilia utendi wote. Bila hicho, duwelo (pambano la watu wawili) ya kugombea mji wa Calahorra, mwenye ukoma anayegeuka kuwa Mtakatifu Lazaro, na uvamizi wa Ufaransa (ambao Fernando wa historia hakuufanya) vingekuwa visa vilivyotawanyika. Hata Jimena ni wa kubuni kwa sehemu: mke halisi wa Rodrigo alikuwa Jimena Díaz, si binti wa Gómez.

Wanaoijia hadithi hii kupitia Le Cid, tamthilia ya Mfaransa Corneille ya 1637, hutarajia mapenzi yanayopigana na heshima ya ukoo. Katika utendi mapenzi hayo hayamo: Jimena anatafuta amani, na bwana harusi anaozwa akiwa amenuna.