Walibertari wa Westminster: namna ya kuwapima kwa kura zao

Mbunge wa Uingereza akidai kodi ipunguzwe, hachelewi kuitwa libertari. Hapo ndipo ulinganisho mwingi unapoharibika, kwa sababu kodi ni mlango mmoja tu. Libertari anataka serikali ikae mbali na mfuko wa mtu, mwili wake, mawasiliano yake, na isimweke ndani bila shitaka. Waziri mkuu wa zamani Margaret Thatcher alibinafsisha mashirika mengi ya umma, lakini serikali yake hiyohiyo ndiyo iliyoleta Kifungu cha 28 mwaka 1988, kilichokataza halmashauri "kukuza" ushoga. Kwa mfuko alikuwa huru, kwa mengine hakuwa.

Kwa upande wa polisi na mahabusu, wa kuanza naye ni David Davis. Sheria ya ugaidi ya 2006 iliruhusu mshukiwa ashikiliwe hadi siku 28 bila kufunguliwa mashtaka, na serikali ya Gordon Brown ikataka ziwe 42. Tarehe 11 Juni 2008 ilishinda kwa kura 315 dhidi ya 306. Kura 9 za DUP, chama cha Ireland ya Kaskazini, ndizo zilizoiokoa. Kesho yake Davis, aliyekuwa waziri kivuli wa mambo ya ndani, alijiuzulu ubunge ili agombee upya jimbo lake la Haltemprice and Howden kwa hoja hiyo moja. Vyama vya Labour, chama cha Brown, na Liberal Democrats havikusimamisha mtu, naye akarudi kwa takriban asilimia 72. Oktoba mwaka huo Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge, liliikataa hoja ya siku 42 kwa kura 309 dhidi ya 118, na serikali ikaiweka kando. Leo kikomo ni siku 14.

Lakini Davis huyohuyo aliwahi kutetea hadharani adhabu ya kifo kwa wauaji. Serikali usiyoiamini kumfungia mtu siku 42, huwezi kuiamini kumnyonga. Kwa hiyo naye simpi alama zote, ingawa kwenye haki za mshukiwa sioni wa kumfikia katika kizazi chake.

Liz Truss, waziri mkuu wa 2022, ndiye anayewachanganya watu zaidi. Bajeti ndogo ya tarehe 23 Septemba 2022, iliyosomwa na waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, ilitangaza kupunguza kodi kwa takriban pauni bilioni 45 kwa mwaka, ikiwa ni pamoja na kufuta kiwango cha asilimia 45 kwa wanaopata zaidi ya pauni 150,000. Wengi wanasema sera za kilibertari zilijaribiwa pale zikafeli. Tazama hesabu yenyewe. Matumizi hayakupunguzwa. Kinyume chake, serikali ilikuwa imeshaahidi kufidia bei ya nishati ili nyumba ya kawaida isilipe zaidi ya pauni 2,500 hivi kwa mwaka. Pengo lote lingezibwa kwa mikopo, na makadirio ya ofisi huru ya bajeti, OBR, hayakutolewa. Walioikopesha serikali wakaogopa na kuuza hati fungani, bei zikashuka, riba ikapanda. Mifuko ya pensheni iliyokuwa imekopa kwa kuziweka hati hizo dhamana ikadaiwa dhamana zaidi papo hapo. Ili ipate fedha ikauza hati zaidi, na bei ikazidi kuporomoka. Tarehe 28 Septemba Benki Kuu ikaingia sokoni kuzinunua. Truss alimaliza siku 49 madarakani. Kupunguza kodi huku ukikopa kufidia bei ni kuahirisha kodi tu, na libertari makini angeanza na matumizi.

Walioijua nadharia ya kilibertari kwa undani ni Douglas Carswell na Steve Baker, waliokuwa wabunge wa chama cha Conservative. Mwaka 2010 Carswell, akiungwa mkono na Baker, alipeleka bungeni muswada binafsi uliouliza swali dogo lenye uzito: ukiweka fedha benki, ni zako au ni za benki? Mteja angetakiwa kuchagua kama fedha zake zihifadhiwe tu au zikopeshwe. Muswada haukufika mbali, lakini uligusa mzizi wa fedha, mahali ambapo hotuba za kodi hazifiki. Baker alikuwa pia kati ya viongozi wa uasi wa 14 Desemba 2021 dhidi ya pasi za Covid, yaani vyeti vya kuonyesha ili kuingia baadhi ya maeneo, Uingereza. Pasi zilipita kwa 369 dhidi ya 126, Labour wakiiunga mkono serikali, huku wabunge karibu 100 wa Conservative wakipinga.

Carswell, aliyekulia Uganda, alikuwa mbunge wa Clacton. Tangu 2024 jimbo hilo ni la Nigel Farage, na tofauti yao ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Farage anatetea sigara na baa, lakini Aprili 2025 alitaka kiwanda cha chuma cha Scunthorpe kitaifishwe, na ilani ya 2024 ya chama chake, Reform, ilitaka nusu ya mashirika ya maji na nishati imilikiwe na umma. Huyo simwiti libertari.

Ukiingia kwenye kumbukumbu za kura za Bunge, tenga kwanza kura ambazo mnadhimu wa chama aliamuru. Waziri anayepinga serikali hupaswa kujiuzulu, hivyo kura yake ya ndiyo haikuambii anaamini nini. Kutokupiga kura nako hakusemi kitu, huenda alikuwa safarini. Zenye thamani ni kura huru, na nzuri kuliko zote ni ile ya tumbaku ya tarehe 16 Aprili 2024: kupiga marufuku kuwauzia sigara wote waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009, maisha yao yote. Ilipita kwa 383 dhidi ya 67. Kati ya waliopinga walikuwemo Truss na Kemi Badenoch, ambaye wakati huo alikuwa waziri. Hoja ya Badenoch ilikuwa kwamba watu wazima wawili waliopishana siku moja kuzaliwa wasiwe na haki tofauti milele.