Swagatam: salamu ya mgeni na ya mungu

Siku za Diwali, sikukuu ya taa, iwe Mumbai au Mombasa, utaliona neno hili mlangoni mwa nyumba za Wahindu, au limechorwa sakafuni kwa unga wa rangi. Wengi hulipokea kama "karibu", wakapita. Mimi nafundisha Kisanskriti, lugha ya kale ya India lilikotoka, na naona neno hili limebeba zaidi ya hapo.

Limeungwa kwa su, yaani vema, na agata, aliyefika. Anayelitamka hamwambii mtu aingie. Anashuhudia kwamba kuja kwake ni kwema. Irabu ya kwanza ni lazima ivutwe. Ukiifupisha unapata neno jingine kabisa, ambalo katika tamthilia za Kalidasa, mshairi wa kale wa India, ni agizo kwa mwigizaji: yaseme haya moyoni mwako, wenzako jukwaani wasiyasikie.

Utamu wenyewe uko kwenye ibada. Mungu anapoabudiwa kwa huduma kumi na sita, orodha moja ya mapokeo ya Tantra, mkondo mmoja wa ibada za Kihindu, huanza na kiti, kisha swagata, yaani neno letu hili, kisha maji ya miguu, maji ya heshima, maji ya kusukutua, na madhuparka, mchanganyiko wa asali, mtindi na samli. Kuogeshwa, nguo, maua, ubani, taa na chakula hufuata baadaye. Yaani kauli tupu, isiyoshikika mkononi, imehesabiwa sawa na nguo na chakula! Orodha nyingine hazinayo; huanza kwa kumwita mungu aje. Mimi naipenda hii, maana mungu anapokewa kwa adabu ileile anayopokewa mgeni sebuleni.

Na adabu hiyo haimsamehi maskini. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha maadili ya Kihindu, sura ya 3, zinasema majani ya kukalia, mahali pa kupumzika, maji, na la nne neno jema, havikosekani kamwe nyumbani kwa watu wema.

Katha Upanishad, andiko takatifu la kale la Wahindu, inaonyesha uzito wa kumkosea mgeni. Kijana Nachiketa alifika kwa Yama, mungu wa mauti, asimkute. Akalala siku tatu bila kula. Yama aliporudi alimwinamia, akamruhusu aombe mambo matatu, moja kwa kila usiku aliolala njaa. Ombi la tatu lilikuwa swali: mtu akifa, yupo au hayupo? Yama alijaribu kumhonga kwa mali, ng'ombe na maisha marefu ili aliache. Kijana akakataa, na Yama ikambidi ajibu.