Shangazi, hii si klabu ya wasichana wa chuo

Jumamosi iliyopita nilichelewa kufika kwenye sendofu ya binti wa rafiki yetu hapa Houston. Nilitoka moja kwa moja kwenye kazi za tawi, fulana ya chama bado mwilini. Shangazi yangu akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwanangu, una watoto sekondari, bado tu uko na hao wanafunzi wa chuo?" Meza nzima ikacheka. Nikampa shikamoo yake, nikakaa, nikala pilau. Yeye ni mtu mzima na ile ilikuwa shughuli ya watu, kwa hiyo sikumjibu. Ila maneno hayo nimeyasikia mwaka huu kutoka kwa Watanzania, kwa Wakenya, mpaka kwa mchungaji mmoja, na sasa nimechoka. Leo naandika.

Nazungumzia sororiti za Wamarekani weusi, yaani vyama vya wanawake wasomi vinavyoanzia chuo kikuu na kudumu maisha yote. Kubwa ziko nne. Alpha Kappa Alpha ya mwaka 1908, Delta Sigma Theta ya 1913 na Zeta Phi Beta ya 1920 zilizaliwa Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington. Sigma Gamma Rho ya 1922 ilizaliwa Indianapolis. Ukijumlisha na vyama vitano vya wanaume unapata wale Tisa walio chini ya National Pan-Hellenic Council, baraza lililoundwa Howard mwaka 1930. Mimi ni mwanachama wa mojawapo ya hizo nne. Sitaitaja, maana ninayoyasema yanazihusu zote. Kwa kazi ni muuguzi, na katika tawi letu naongoza kamati ya huduma kwa jamii.

Wapo wanaosema sisi ni Freemason; hilo nalimaliza haraka. Ndiyo, kuna ibada ya kuapishwa, kuna salamu na ishara ambazo asiye mwanachama haelezwi. Wapo pia wanawake walioona viapo hivyo havipatani na imani yao wakajitoa, na naheshimu uamuzi wao. Ukisema tunatoa watu kafara ili tupate magari, hapo sina la kuzungumza na wewe.

Turudi kwenye "wanafunzi". Najua yanatoka wapi. Mnaona video: wasichana wamepanga mstari, wamevaa sare, wanapiga miguu na viganja kwa mdundo mmoja, uwanja mzima unapiga kelele. Ni kweli, hao ni wetu, na ni wazuri kweli. Lakini msichana huyo atakaa kwenye tawi la chuo miaka miwili au mitatu. Baada ya hapo ana maisha yote yaliyobaki, miaka arobaini, hamsini, na hiyo yote ataitumikia kwenye tawi la waliohitimu. Kwenye tawi letu kuna mama aliyeingia kabla mimi sijazaliwa, na ndiye anayefungua ukumbi siku za mkutano. Wengine, mimi mmojawapo, hatukuingia tukiwa chuoni kabisa. Tuliingizwa na tawi la watu wazima tukiwa na kazi na familia.

Tena si jambo la juzi. Sigma Gamma Rho ilianzishwa na wanawake saba, wote waalimu. Wale waanzilishi 22 wa Delta walikuwa wanafunzi kweli, lakini tazama walichoanza nacho: chama kilizaliwa Januari 1913, na tarehe 3 Machi mwaka huohuo walikuwa barabarani Washington kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake, wakati waandaaji wakitaka weusi wakae nyuma.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mississippi. Mwaka 1934 Alpha Kappa Alpha, chini ya rais wao Ida Jackson, walifungua darasa la likizo kwa waalimu wa vijijini katika kaunti ya Holmes. Lilikuwa wazo zuri la watu wa elimu. Walipofika wakakuta njaa na maradhi kiasi kwamba kuzungumzia mbinu za kufundisha lilikuwa jambo la baadaye. Mwaka uliofuata wakabadilisha mpango mzima, wakaenda na daktari Dorothy Ferebee, wauguzi na chanjo. Wenye mashamba ya pamba hawakutaka vibarua wao waende kliniki, wakihofia watajazwa maneno. Wanawake wale wakaipakia kliniki kwenye magari yao wenyewe, wakaifuata mashamba. Wakarudi kiangazi baada ya kiangazi wakichanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo, mpaka Vita vya Pili vya Dunia vikaleta mgao wa petroli na matairi. Daktari, wauguzi, waalimu, wote wametumia likizo yao. Niambie hapo mwanafunzi wa kucheza yuko wapi.

Na Wakenya wanaoniuliza "hao Wamarekani wametufanyia nini sisi", waulizie Thika. Delta Sigma Theta kwa miaka mingi wameisaidia huduma ya uzazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Kuna watu wanaokubali kwamba ni chama cha watu wazima, halafu wanadhani ni chama cha kutoa misaada: tunakusanya nguo, tunagawa mabegi ya shule, tunapiga picha, tunaenda nyumbani. Wengine ni wenzangu humohumo ndani, na ndio wanaoniumiza zaidi. Kugawa vitu ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kazi ni kukaa mahali pamoja muda mrefu kiasi kwamba watu wanakuja kwako bila kuitwa.

Chukua meza ya kuandikisha wapigakura. Watu wanaona wanawake wanne na kitambaa cha mezani cha rangi za chama, wanafikiri tumekuja kuonekana. Hapa Texas huwezi kumwandikisha mtu kwa mtandao, na huwezi kuamka tu ukakusanya fomu za watu. Lazima kaunti ikuteue, upate mafunzo, uape, na uteuzi unaisha mwishoni mwa kila mwaka wa shufwa, unaanza upya. Kila fomu unayopokea unatoa risiti, halafu una siku tano kuifikisha ofisini. Ukichelewesha, ni kosa kisheria. Uandikishaji unafungwa siku 30 kabla ya uchaguzi, na hakuna wa kumlilia. Kaunti ya jirani ina uteuzi wake.

Na chini ya fulana ya chama hatutaji mgombea. Hata nikiulizwa na mtu ninayemfahamu, "dada, nimpigie nani?", jibu ni moja: tarehe, kituo, kitambulisho gani uje nacho. Mwaka 2024 Kamala Harris, ambaye aliingia Alpha Kappa Alpha akiwa Howard mwaka 1986, alipokuwa mgombea urais, nilipata tabu kweli kueleza hili. Ndugu zangu walidhani nafanya kampeni. Nilikuwa naandikisha watu, na aliyekuja na kofia ya mgombea mwingine alipata fomu na risiti kama wengine.

Hapo ndipo Kiswahili changu kilipopata kazi ambayo sikuitarajia. Houston ina wakimbizi wengi kutoka Kongo. Mzee mmoja wa Bukavu alikuja mezani, kalamu mkononi, tayari kusaini. Nikamsikia anaongea na mwanawe, nikamwamkia. "Mzee wangu, umeshapata uraia?" Akatoa kadi ya kijani, kibali cha kuishi Marekani, kwa furaha. Nikaisogeza fomu pembeni. Kadi ya kijani si uraia, na asiye raia akijiandikisha kupiga kura anaweza kupoteza kila alichosubiri kambini miaka yote ile. Hakuelewa mara moja, alidhani namkatalia. Tulikaa naye nusu saa. Akaondoka bila fomu, na siku ile kwenye ripoti hakuonekana popote, kwa sababu tunahesabu fomu zilizojazwa. Kwangu mimi ndiyo kazi kubwa tuliyofanya siku hiyo. Baada ya miezi mitatu akarudi na wenzake wawili, wakiuliza habari za masomo ya mtihani wa uraia. Sasa kila wiki mbili tunawafundisha kwenye chumba kimoja cha kanisa, na nimepata soror wawili, dada zangu wa chama, wasiojua Kiswahili hata kidogo ambao hawakosi.

Hilo la kuhesabu linanisumbua. Tunaripoti saa tulizotumia, mabegi tuliyogawa, watu waliohudhuria. Sina hakika tunajua kilichobadilika. Wanawake weusi nchini hapa wanakufa kwa uzazi karibu mara tatu ya weupe. Zeta wamekuwa na mpango wa Stork's Nest tangu miaka ya 1970, wakiwavuta wajawazito waende kliniki mapema, na sisi tuna semina zetu. Mimi ni muuguzi, nimesimama mbele ya semina hizo, na ukiniuliza nimeokoa nani siwezi kukuonyesha.

Kuna na dada zangu wanaoniandikia, "nitumie fomu nijiunge." Haiendi hivyo. Lazima shahada au uwe chuoni, lazima wanachama wakuandikie mapendekezo, lazima uonyeshe huduma uliyofanya kabla ya kutuhitaji sisi, na hakuna anayekuahidi jibu. Njoo kwanza mezani ufanye kazi ambayo haihitaji uanachama. Ukishaingia, kuna ada ya taifa na ada ya tawi kila mwaka. Usipolipa bado umeapa, bado ni dada, lakini si mwanachama hai: huna kura mkutanoni na huongozi kamati. Anayevaa rangi kwenye harusi na hajalipa miaka minane, ndiye mara nyingi anayejua kulalamika kwamba chama hakifanyi kitu.

Mtu yeyote akikutaka upigwe, ulale njaa au umlipie vitu ili "ustahili", kimbia, kamripoti. Mwaka 1990 vyama vya Baraza vilifuta mfumo wa zamani wa kuwasotesha wanaoingia. Bado kuna wanaoufanya kwa siri, na ni uongo kusema umeisha.

La shahada silali nalo vizuri. Kwenye mtaa tunaofanyia kazi kuna mama anayesafisha vyumba vya hoteli. Anajua nani amefiwa, nani hana dawa, nani ameletewa barua ya kutolewa kwenye nyumba. Bila yeye sisi ni wageni na fulana zetu. Kwa kanuni zetu hawezi kuwa mwanachama, na mimi niliyemkuta pale naweza. Najua sababu ya kihistoria: mwaka 1908 mwanamke mweusi mwenye shahada alikuwa wa kuhesabika, na walitaka kumlinda na kumtuma. Sababu naielewa. Ila kila tunapopiga picha ya pamoja, nikimwona amesimama pembeni ameshika mikoba yetu, nainamisha macho.

Shangazi amenipigia juzi kuuliza fulana ile nimeinunua wapi. Nimemwambia hainunuliwi, lakini kiti kipo. Kesho tuna meza nje ya soko, saa tatu asubuhi hadi saa nane. Fomu nitazipeleka kaunti Jumatatu kabla ya zamu.